Saa ya Zohali

Kitu kizungukacho hakihesabiki mizunguko yake bila alama. Atazamaye dunia kutoka mbali aweza kungoja mlima upotee kisha urudi, akajua urefu wa siku. Zohali haina mlima wala pwani. Uso wake ni mawingu, na mawingu ya kiunoni hukimbia upesi kuliko yaliyo karibu na ncha. Basi swali jepesi la urefu wa siku yake likawa zito kwa wanazuoni.

Palipokosa jicho, sikio lilitumwa. Mwaka 1955 Bernard Burke na Kenneth Franklin, huko Marekani, waligundua kwamba Mshtarii hutoa mawimbi ya redio. Chembe za umeme huzunguka kwa kasi katika nguvu ya sumaku ya sayari, na mwendo huo huzaa mawimbi. Kwa kuwa sumaku ya Mshtarii hutoka tumboni mwake na huzunguka pamoja nalo, mapigo yake yalifaa kuwa saa. Zohali ilidhaniwa kuwa vivyo hivyo. Lakini mawimbi yake makuu hayapenyi hewa ya juu ya dunia, ikalazimu sikio lipelekwe huko. Vyombo viwili vya Voyager vilipita mwaka 1980 na 1981, vikapata pigo la saa 10 na dakika 39. Hesabu hiyo ikaingia vitabuni.

Chombo cha Cassini kilipofika mwaka 2004 kilisikia saa 10 na dakika 45. Sayari yenye uzito wa dunia 95 haiwezi kuchelewa dakika 6 kwa muda mfupi hivyo. Tena yakasikika mapigo mawili yasiyolingana, moja la kaskazini, jingine la kusini. Ikadhihirika kwamba mapigo hayo hayakufungwa na tumbo la sayari, bali yaliyumbishwa na mambo ya nje yake.

Ushahidi mwingine ulitoka katika pete. Mtikisiko wa ndani ya Zohali huchora mawimbi katika pete zake, na mwaka 2019 wataalamu waliyasoma wakapata saa 10, dakika 33 na sekunde 38.

Voyager haikusema uongo, ilisikia kilichokuwapo. Kosa lilikuwa katika neno “basi” lililounganisha pigo na mzunguko. Msomaji wa vitabu huikuta hesabu imeandikwa waziwazi, lakini neno hilo huwa limefichika nyuma yake. Nalo ndilo lenye kustahili kuulizwa kwanza.