Upepo wa Kiasi cha Rimu

Rimu ilipasuka saa nane mchana, baiskeli imesimama juani sokoni Garsen, hakuna aliyeigusa. Mlio wake uliwainua wauza maembe vitini.

Kosa lilikuwa langu. Huku kwenye delta ya Tana, ukishaiacha lami unaingia udongo mweusi: kiangazi una nyufa za kumeza gurudumu, masika unanata kama gundi. Nikatafuta tairi nene kuliko yote, inchi 26 kwa 2.125, nikalivisha kwenye rimu nyembamba, kisha kwa kuogopa miiba ya mathenge nikalijaza hadi paundi 60. Niliamini nimejikinga mara mbili.

Fundi, mzee mwenye grisi hadi viwikoni, alipitisha kidole kwenye ukingo. Breki zilikuwa zimeula ukuta wa rimu ukabaki mwembamba kama bati la kopo.

"Mwanangu, namba ya tairi umeisoma. Rimu umeitazama?"

Akanieleza kwamba tairi likizidi upana, upepo uleule huivuta rimu kwa nguvu zaidi. Lenye upana mara mbili, kwa paundi 40, huivuta sawa na jembamba kwa paundi 80. Ukipunguza mno nako, tairi nene juu ya rimu nyembamba huyumba konani.

Nilirudi kwa miguu nikimfikiria mtoto wa dada yangu. Alikuja kwangu baada ya mafuriko ya Novemba 2023 kuzamisha shamba lao, mpunga na migomba yote. Nikaona dawa ni masomo: kumwamsha saa kumi alfajiri, tuisheni jioni, hesabu Jumamosi. Kila alipofaulu niliongeza. Alama zake nilizijua zote; usiku alioshtuka mvua ikigonga mabati sikuuhesabu. Maji yalikuwa yameshaula ukuta wake kabla mimi sijashika pampu. Na nilimpenda, tena sana. Upendo huohuo ndio ulionifanya nizidi kujaza.

Sasa nina rimu pana, na tairi nalitia paundi 35. Mtoto analala hadi saa kumi na mbili. Alama zimeshuka kidogo, usingizi umerudi. Jumamosi tunateremka mtoni, yeye kwenye keria, na kabla hatujaondoka hulibonyeza tairi kwa dole gumba.

"Mjomba," aliniambia juzi, "leo tuko wawili na gunia. Ongeza kidogo."