Urwarwa na chakula, Gitega hadi Muyinga

Urwarwa ni pombe ya ndizi mbivu, na katika vilima vya Gitega na Muyinga nchini Burundi una heshima kama ile ambayo watu wa Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, wanaipa divai yao nyeupe ya zabibu za Albariño. Huko divai hunywewa pamoja na kome, chaza na pweza, kwani uchachu wake hupatana na chumvi ya bahari. Urwarwa nao una uchachu, lakini kwa vizazi vingi haukuandamana na chakula. Wazee wa Burundi wanakumbuka vizuri: watu walikunywa hadharani, wakala faraghani. Maharage, ugali wa muhogo na ndizi za kupika vililiwa ndani. Mtungi ulitolewa nje kwa wageni. Mtu mzima kutafuna mbele ya watu ilikuwa aibu, ilhali kupokea mrija na kunywa mbele yao ilikuwa heshima.

Ndizi za pombe, kama vile igitsiri, huvundikwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba mpaka ziive. Kisha humenywa na kukandwa pamoja na nyasi ndani ya chombo kirefu cha mbao, juisi itoke. Juisi hiyo, umutobe, ni tamu na haina kileo, kwa hiyo hata asiyegusa pombe huipokea. Ikishachujwa huongezwa maji na unga wa mtama uliokaangwa, ikaachwa ichachuke. Isiyotiwa maji huitwa insongo, nayo ni kali zaidi. Mtama ndio unaoupa urwarwa harufu ya moshi na uchungu kidogo mwishoni, na bila huo kinywaji hupwaya. Baada ya siku chache huwa siki. Ndiyo maana aliyevundika ndizi aliita majirani: pombe haikungoja.

Mabadiliko ya kwanza yaliletwa na bia. Kiwanda cha bia kilianzishwa Bujumbura mwaka 1955, na baadaye kampuni yake, Brarudi, ikawa na kiwanda kingine Gitega. Bia yake ya Primus ilienea pamoja na baa, na baa zikaleta mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma. Hapo ndipo watu walipozoea kutafuna na kunywa mahali pamoja, mbele ya wengine. Urwarwa uliposogea kwenye meza hizo ulionekana kufaa kuliko bia yenyewe. Uchachu wake hukata mafuta ya mbuzi, na moshi wa mtama hukutana na moshi wa makaa. Kwa ndagala (dagaa) wakavu wa Ziwa Tanganyika, utamu wake hupunguza chumvi. Maharage yaliyoungwa kwa mawese yanapendeza na urwarwa wa siku ya kwanza, ungali na utamu, lakini insongo huyafunika.

Pigo kubwa lilikuwa mnyauko wa migomba. Ugonjwa huo wa bakteria, uliokwisha kuonekana Uganda mwaka 2001, Rwanda 2005 na Tanzania 2006, ulithibitishwa Burundi mwaka 2010. Mkoa wa Muyinga wakati huo ulipakana na Rwanda na Tanzania, zilizokwisha kupata ugonjwa huo. Wadudu hubeba bakteria kupitia ua dume linaloning'inia chini ya mkungu, na baadhi ya migomba ya pombe ndiyo huathirika zaidi kwa njia hiyo. Wakulima hulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, kwa sababu panga lenye utomvu hueneza ugonjwa. Mgomba ulioathirika hung'olewa. Aina za ndizi zikibadilika, ladha ya urwarwa hubadilika nazo, na hasara hiyo haihesabiwi kwa mikungu peke yake.

Sasa ipo divai ya ndizi iliyochujwa na kutiwa kwenye chupa, kama ile ambayo kampuni ya Banana Investments ya Arusha huuza kwa jina la Raha. Hudumu muda mrefu na ni nyangavu, jambo linalofaa Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, penye wageni wengi. Inafaa kwa samaki wa kukaanga na kuku. Kwa mbuzi wa makaa, urwarwa wa mtungi, mzito na wenye mtama, bado ni bora. Katika kutoa mahari, desturi ya zamani inashikwa vilevile: pombe huja kwanza, maneno yakafuata, na chakula kinangoja mpaka wakubaliane.