Kitanda cha Chini: Safari ya Jamaa Moja kutoka Arusha kwenda Unguja

Reli yetu ya kaskazini ni ya siku nyingi. Ilifika Moshi kutoka Tanga zamani za Wadachi, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1929 ikafikishwa Arusha. Mwaka 1963 ikaungwa na reli ya kati pale Ruvu, hata mtu akaweza kupanda gari Arusha na kushuka Dar es Salaam. Kisha mambo yakalegea. Magari ya abiria yakakoma, majani yakaota kati ya mataruma, na vijana wa Arusha wakakua hata wakaoa bila kusikia mlio wa gari la abiria. Mwaka 2020 gari likarudi. Sisi watu wazima twaliita bado gari la moshi, ingawa halichomi kuni wala makaa, na vijana hutucheka kwa hilo.

Tangu liliporudi, liko swali moja ambalo jirani zetu hutuletea, mara nyingi barazani baada ya sala ya alasiri: mtu akiwa na watu wake, akate tiketi ya daraja gani? Neno hili si dogo kama linavyodhaniwa. Mtu peke yake aweza kujilaza popote, kesho akajinyoosha, yakaisha. Lakini mwenye mke, na watoto, na mzee, akikata vibaya huwa amewakatia wenziwe pia, nao watayabeba usiku kucha.

Kwa asiyejua, daraja la tatu ni viti. Daraja la pili lina viti vilivyo bora kuliko hivyo, tena lina vyumba vya kulala. Chumba kimoja kina vitanda sita, vitatu upande huu na vitatu upande huu, kimoja juu ya kingine kama rafu za duka, na mlango wa kufunga. Wanawake hupewa vyumba vyao na wanaume vyao, isipokuwa watu wa jamaa moja wakichukua chumba kizima. Hapo hukaa pamoja. Utaratibu huu ni wa zamani katika reli zetu, nao kwa nyumba za Kiislamu ni neema. Katika reli ya kwenda Kigoma ilijulikana pia daraja la kwanza la vyumba vya watu wawili, na katika reli ya TAZARA daraja la kwanza ni vitanda vinne na la pili ni sita. Basi msomaji asidhani kwamba jina la daraja lina maana moja kila mahali. Aulize idadi ya vitanda, ndipo ajue alilonunua.

Jamaa mmoja wa mtaa wetu wa Kaloleni, fundi cherehani, alitushirikisha katika shauri la namna hii. Mama yake ni mzee aliyepita miaka sabini. Aliletwa Arusha na mumewe kutoka Unguja zamani sana, wala hakurudi kwao ila mara mbili. Sasa ilikuja habari kwamba nduguye mdogo aliyeko Ng'ambo ni mgonjwa, naye ataka kumwona dada yake. Waliotaka kusafiri walikuwa watano: mama mwenyewe, fundi, mkewe, mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili na binti wa miaka tisa. Fedha ilikuwa kiasi, nayo ilitoka katika akiba ya kuezeka nyumba.

Maneno yakawa mengi. Ndugu wa fundi alisema waende kwa basi, kwani basi huondoka alfajiri na kufika Dar es Salaam siku ile ile. Ni kweli, lakini magoti ya mama hayawezi kukunjwa saa kumi. Mwingine akasema mama apandishwe ndege pale uwanja wa Kisongo peke yake, na wengine wamfuate kwa njia ya chini. Mama aliposikia alisema, "Mwanangu, niende peke yangu juu angani, nikishuka nitashikwa mkono na nani?" Hakuna aliyemjibu.

Fundi mwenyewe alipenda chumba kizima cha gari la moshi. Wao ni watano, vitanda ni sita. Basi alitaka kununua kitanda cha sita kiwe kitupu, ili mlango ufungwe na jamaa yake yote iwe ndani. Hoja yake ilikuwa nzuri. Mwenye mke aliye na mtoto mchanga, au mwenye mgonjwa wa kulishwa na kugeuzwa usiku, sisi humshauri afanye vivyo hivyo hata kama itambidi apunguze mizigo na zawadi. Lakini kwa safari hii tuliona mambo mengine. Wanawake watatu wangekuwa pamoja katika chumba cha wanawake, na fundi na mwanawe katika cha wanaume, kila upande na mwenziwe. Hakuna ambaye angeachwa peke yake. Tena mama mwenyewe aliukata mjadala. Alisema, "Kitanda kitupu hakimpi mtu usingizi. Fedha hiyo mnunulie mama yako mdogo dawa. Mimi nitafutieni kitanda cha chini, na choo kisiwe mbali."

Hapa yafaa tumtaje kijana mmoja wa nyumba ile, mdogo wake fundi, ambaye ni mpagazi katika mlima Meru. Wenyeji wa Arusha twauona mlima huu kila siku, nasi twausahau kila siku. Ni wa pili kwa urefu katika Tanzania, zaidi ya mita 4,500, na ubavu wake wa mashariki umebomoka ukaacha shimo kubwa la volkano. Wapandao hupita lango la Momella katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, wakifuatana na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Usiku wa kwanza hulala Miriakamba, kiasi cha mita 2,500 juu ya bahari, na wa pili katika vibanda vya Saddle, kiasi cha mita 3,570. Huko nako vitanda vimepandana.

Kijana huyu, aliyekuwa akituletea chai, aliuliza kama aweza kusema neno. Alisema, "Shikamoo mwalimu. Sisi mlimani hatumpi kitanda cha juu mtu aliyechoka magoti. Kupanda hupanda, kwa sababu anaona haya kukataa. Lakini usiku baridi humwamsha aende haja, na hapo ndipo huanguka." Akaongeza kwamba kitanda cha juu kina joto zaidi, kwani joto la chumba hupanda, basi humpa kijana mwepesi, na kitanda cha chini kina baridi, basi humpa mzee pamoja na blanketi la ziada. Tulimsikiliza kwa makini kuliko tulivyowasikiliza wengine wote, maana alikuwa akisema alilolifanya kwa mikono yake.

Ikakatwa hivyo. Sisi nasi tulikuwa na safari ya pwani kutafuta juzuu na misahafu ya madrasa, tukafuatana nao. Tiketi ya mama ilitoka na namba ya kitanda cha kati. Mtu asihuzunike kwa jambo kama hili, kwa kuwa namba huandikwa na mtu asiyewajua abiria. Mle chumbani alikuwamo msichana mwanafunzi akishukia Korogwe, naye kitanda chake kilikuwa cha chini. Mke wa fundi alimwomba, na kabla hajamaliza kuomba msichana alikwisha kuhamisha kikapu chake. Alimwita mama "bibi" njia nzima, wakagawana mikate.

Gari liliondoka alasiri. Lipitapo Usa River, Meru huwa nyuma upande wa kushoto, na jua likishuka nyuma yake mlima huwa mweusi kama makaa, na Kilimanjaro mbele yako bado una mwanga. Kwa ajili ya muda huo peke yake tungemshauri kijana yeyote asafiri mara moja kwa reli. Moshi tulifika jua limezama. Kisha Kahe, ambapo zamani palikuwa na njia ya kwenda Voi, halafu giza la Upareni. Same ilikuwa taa chache na wauza mayai. Mombo na Korogwe tulizisikia usingizini.

Na katika vyumba vya kulala iko faida ambayo haikuandikwa katika tiketi. Vitanda vya kati vikikunjwa, nafasi ya sakafu hutosha mtu mmoja kutandika mswala, na wengine humngoja kwa zamu. Katika viti hili ni gumu. Wengi husali wakiwa wameketi. Mjini Arusha kibla hakitupi taabu, kwani ni kaskazini, na mlima uko mbele yetu, kidogo upande wa kuume. Ndani ya gari mlima haupo na reli hupinda. Mwana wa fundi alikuwa na dira ndogo katika simu yake, naye ndiye aliyetuelekeza wazee wawili na sisi. Maji ya kutawadha tulichukua wenyewe katika dumu, na kila mwenye watoto yampasa afanye hivyo.

Asubuhi Dar es Salaam mama alishuka kwa miguu yake. Zilibaki bahari na meli.

Katika bandari mambo ya madaraja huanza upya, tena kwa kelele zaidi. Vyombo vya kwenda Unguja huchukua kiasi cha saa mbili, basi hakuna cha kulala. Watu hununua kiti. Fundi, kwa kuwa aliokoa nauli ya kitanda cha sita, alitaka mama akae katika daraja la heshima, ghorofa ya juu. Tulimzuia, si kwa ubahili. Chombo baharini ni kama pembea ya watoto: aliye katikati hutikisika kidogo, aliye mwishoni hurushwa. Mahali patulivu ni katikati, mbali na omo na mbali na tezi, na chini kuliko juu. Ghorofa ikipanda, kuyumba huzidi. Wakati wa kusi, chombo kikienda mrama, wenye tiketi za fahari huko juu huweza kutapika kuliko waliolipa kidogo chini yao. Meli kubwa za matembezi zinazotia nanga Unguja na Mombasa zinafuata kanuni hii hii: chumba chenye roshani ghorofani kina nauli kubwa, na chumba cha chini katikati, labda hata hakina dirisha, ndicho kitulivu. Lakini gizani mtu mwenye kichefuchefu huzidiwa. Humfaa kuona upeo wa bahari. Kwa hiyo tulimtafutia mama kiti cha chini, katikati, penye dirisha.

Wazee wetu hawakuwa na uchaguzi huu. Meli kama Karanja na Kampala, zilizoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1940 kati ya Bombay na bandari zetu, zilikuwa na vyumba vya wenye nafasi, lakini abiria wengi walikuwa wa sitahani, kila jamaa na mkeka wake na sanduku lake kuwa ukuta. Tulisikia habari hizo kwa watu waliolala juu ya mikeka hiyo. Hawakulalamikia ugumu wa mbao. Walilalamikia wanawake wao kukosa pa kujisitiri.

Jambo moja zaidi tulimwambia fundi, nalo halihusu raha. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza katika Ziwa Viktoria, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Ilikuwa ya abiria 430. Mamia ya watu walikufa. Abiria wa vyumba vya daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Watu wao walisimama ufukoni wakitafuta jina ambalo halikuandikwa na mtu. Kwa hiyo mtu akate daraja lolote awezalo, lakini asikubali kupanda chombo kwa tiketi isiyo na jina lake, wala kwa tiketi ya jina la mwingine kwa kuwa imepatikana rahisi, na majina ya watoto pia yaandikwe. Fundi alizisoma tiketi tano, moja moja, kwa sauti, hata karani akamtazama.

Bahari siku ile ilikuwa shwari. Mama alikaa dirishani akautazama mstari wa maji mpaka Unguja ikaonekana, wala hakutapika; mjukuu wake wa kike, aliyekuwa ameomba kukaa mbele kabisa karibu na omo ili aone mawimbi, ndiye aliyetapika. Nyumbani Ng'ambo mgonjwa aliinuliwa akaegemezwa kwenye mto. Ndugu wawili walishikana mikono, na kwa muda mrefu waliulizana habari za watu ambao sisi wote hatukuwajua, wengi wao wamekwisha kufa.

Siku ya kurudi ilipofika mama alisema hataondoka mpaka ajue mwisho wa nduguye. Fundi alikwenda kuzungumza na wakata tiketi. Njiani kurudi Arusha walikuwa wanne, na kitanda cha chini alilala binti yule wa miaka tisa, akiwa amejifunika mtandio wa bibi yake.