Waya wa Shaba katika Nchi ya Shaba

Sisi wakaaji wa Kolwezi tunalala juu ya shaba. Mchana na usiku tunaona malori yakipita na mizigo ya shaba na kobalti, yakishika njia ya Likasi na Lubumbashi. Kumbe sisi hao hao tuliuziwa waya usio wa shaba, tukaulipia kwa furaha, na kwa muda wa miezi mitatu hatukutambua. Tunawasimulia habari hiyo kusudi parokia nyingine inayofikiri kujenga mtandao wake isipoteze fedha kama sisi.

Wazee wanakumbuka foni, ile simu ya upepo ya misioni. Kwa saa iliyopatanwa padre aliketi mbele ya mashine, akaita misioni za mbali, akapata habari za wagonjwa, za vyakula na za safari. Foni ilifika mamia ya kilometa, kwa sababu mawimbi yake hupanda angani, hugonga huko juu na kurudi chini. Lakini ilichukua sauti tu, na wote walisikia maneno ya wote. Siku hizi watu wengi wana simu mfukoni, lakini lazima kununua mega, na mega za mwalimu huisha kabla ya mwezi kuisha. Basi halmashauri yetu ikaona heri kuunganisha kwa redio zetu wenyewe ofisi ya parokia na shule, ambazo ziko uwanja mmoja, pamoja na kituo cha afya kilicho mbali kilometa 4. Kati ya nyumba hizo habari zingepita bure, na intaneti tungeinunua mahali pamoja na kugawana gharama.

Hatukuwa wa kwanza. Huko kaskazini ya Uganda, Jimbo Kuu la Gulu lilianza mwaka 2007 kazi iitwayo BOSCO, ya kuunganisha kwa redio za namna hii kambi za watu waliofukuzwa makwao na vita, na kompyuta zao zilitumia nguvu ya jua. Katika nchi yetu wenyewe, watu wa kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu walijenga mtandao wao, wakauita Pamoja Net. Tukasema: wao wameweza, nasi tujaribu.

Jumuiya zetu zilikusanya dola 400. Kabla ya kununua tuliuliza maswali manne. Je, redio hii inakula umeme kidogo, ili sola ndogo iitoshe? Je, antena yake inaelekeza mawimbi upande mmoja, yasitawanyike bure? Je, programu yake inaweza kubadilishwa na kuwekwa OpenWrt, ambayo ni ya bure, ili mtambo usitupwe siku mwenye kiwanda atakapouacha? Je, fundi wa mjini anaijua? Tukachagua TP-Link CPE510 mbili za kufanana, zinazotumia gigahezi 5. Tulikwenda pia kuuliza habari za ruhusa, kwa maana mawimbi nayo yana sheria zake, na katika Kongo msimamizi wake ni ARPTC.

Mawimbi hayo hayapandi angani kama yale ya foni. Yanataka kuonana uso kwa uso. Kijana mmoja alipanda juu ya mnara wa kanisa na kioo cha kujitazamia, akarusha mwanga wa jua kuelekea kituo cha afya. Wenzake waliokuwa juu ya paa huko waliuona, tukashangilia. Lakini kuonana tu hakutoshi. Katika mwendo wa kilometa 4 mawimbi hutuna katikati kama mhogo, hata mita 7 hivi kila upande wa mstari wao. Ilitubidi kuomba ruhusa ya kukata matawi ya miembe miwili.

Tukafunga redio, zikasemezana. Lakini kila jioni, watu walipokuwa wengi mtandaoni, redio ya mnarani ilizimika, ikawaka, ikazimika tena. Tukailaumu redio, tukanunua nyingine kwa dola 65. Ikafanya yale yale.

Usiku mmoja mama mmoja alipata shida ya kujifungua. Muuguzi aliita kwa mtandao aletewe gari la parokia, asijibiwe. Simu yake haikuwa na yunite. Akamtuma kijana kwa baiskeli gizani. Gari lilifika, mama na mtoto wakapona. Lakini kesho yake tulikutana ofisini, na hapana aliyecheka.

Siku hiyo fundi mmoja wa umeme afanyaye kazi mgodini aliomba kuuona waya unaopanda mnarani, mita 45, ambao unachukua habari na umeme pamoja. Akatoa kisu, akakwangua ncha yake. Nje ulikuwa mwekundu kama shaba. Ndani ulikuwa mweupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba, tena nyembamba. Alumini hupunguza umeme njiani kuliko shaba. Redio ilipofanya kazi nyingi ilitaka umeme mwingi, na umeme ulikuwa umepotea wayani. Tulikuwa tumeokoa dola 20 katika waya, tukapoteza 65 katika redio isiyo na kosa, na tukakaribia kupoteza watu wawili. Wahenga walisema kweli: rahisi ghali.

Tukanunua waya wa shaba tupu, na mwingine mnene tukaushusha ardhini kwa ajili ya radi, kwa sababu mvua za kwetu hazina mchezo. Tangu hapo redio haijazimika jioni. Ile ya tatu tunaitunza kabatini kama akiba, na bei ya kila kitu imeandikwa katika daftari, pamoja na kosa letu.

Ndugu zetu wa Mutshatsha, Kasaji na Dilolo, mkianza kazi hii msitazame bei ya redio peke yake. Hesabuni waya, batri, mlingoti na fundi wa kesho, kisha ndipo mseme kama ni rahisi. Na mkienda dukani, chukueni kisu kidogo. Muuzaji akikataa waya wake ukwanguliwe, nendeni duka jingine.