Bwawa la Bustani Kent, Dimbwi la Masika Muheza

Kwa mtu aliyekulia Muheza, hakuna jambo la Waingereza lililo gumu kulieleza nyumbani kama hili: mtu mzima mwenye akili timamu anachukua sepetu, anachimba shimo nyuma ya nyumba yake, analitandika turubai la mpira, analiacha lijae maji ya mvua, kisha anaweka kiti kando yake akisubiri vyura waje. Hapa Kent ninapoishi, majirani kadhaa wamefanya hivyo, na mimi pia nimefanya. Nilipomweleza mama kwa simu, alinyamaza kwanza. Halafu akauliza, "Mwanangu, na wajukuu wangu wanalala nyumba hiyohiyo?"

Swali lake nitalirudia, maana ni la haki kabisa. Kwanza nilieleze hilo bwawa.

Ni dogo, meza ya watu sita ingelifunika. Lakini lina masharti yake, na wenyeji wa hapa wanayafuata kwa makini. Upande mmoja lazima uwe na mteremko mdogo wa mawe, kalunguyeye akija kunywa usiku akateleza, apate pa kupandia. Samaki hawatiwi, kwa sababu watamaliza mayai ya chura na viluwiluwi wake. Maji ya bomba nayo huepukwa: yana klorini, na yana virutubisho vinavyonenepesha mwani hadi bwawa zima likawa kijani. Mvua ikinyesha, maji ya paa hukingwa kwenye pipa na kuhifadhiwa kwa siku za ukame. Tena hakuna anayekwenda kuokota vyura kwingine ili kuwaleta kwake, kwani anaweza kuhamisha na magonjwa yao. Unachimba, unapanda majani ya majini na yungiyungi moja, unangoja.

Na kweli wanakuja, wenyewe, bila kuitwa. Wa kwanza ni wadudu wenye miguu mirefu wanaoteleza juu ya maji bila kuzama. Chura wa hapa hutaga mwezi wa pili au wa tatu, baridi ikiwa bado kali, na fungu moja la mayai linaweza kufika 2,000. Wanaobaki hai ni wachache mno; wengine wote ni chakula cha ndege, cha salamanda wadogo na cha watoto wa kereng'ende. Hao salamanda wana umbo la mjusi lakini ngozi yao ni laini yenye unyevu, na jike hutaga yai mojamoja, kila yai akalikunjia ndani ya jani la majini kwa miguu yake ya nyuma. Nimepiga magoti ukingoni muda mrefu nikiangalia kazi hiyo, na sijui kazi nyingine ya mnyama mdogo iliyonivutia kama hiyo.

Mwezi wa sita ndio kilele. Jua linazama saa tatu na robo usiku, kwa hiyo mtu akitoka kazini bado ana jioni nzima ya kumwagilia nyanya, kung'oa magugu na kutoa mwani kwa kuuzungusha kwenye kijiti. Mwani huo hautupwi papo hapo. Unaachwa ukingoni usiku mmoja, wadudu na konokono waliokwama ndani yake warudi majini. Alfajiri ndipo kereng'ende wanapotoka. Mtoto wa kereng'ende ameishi chini ya maji mwaka mmoja, miwili au zaidi, akila kila alichokimudu, viluwiluwi wa mbu wakiwemo. Siku yake ikifika hupanda kwenye shina la jani, ngozi ya mgongo ikapasuka, akajitoa humo akiwa na mbawa zilizokunjamana, akangoja zikauke ndipo aruke. Vyura wachanga nao huondoka majini kati ya mwezi wa sita na wa saba, na mvua ikinyesha usiku huwa wanatoka kwa wingi, wamesambaa kwenye majani.

Mwaka 2022, joto lilipofika nyuzi 40.3 huko Coningsby, rekodi ya nchi hii, na baadaye kumwagilia kwa mpira kukapigwa marufuku sehemu nyingi za kusini, mabwawa kama haya ndiyo yaliyokuwa kisima cha ndege na wanyama wa mtaa.

Sasa swali la mama. Nyumbani kwetu uwanja unafagiwa kila asubuhi hadi udongo unabaki mtupu, na kazi hiyo ina sababu. Kwenye udongo mtupu nyoka anaonekana, na maji hayana pa kutuama. Chura akizidi, nyoka humfuata. Maji yaliyotulia yana konokono, na konokono wengine wanabeba kichocho. Shimo la matofali likijaa wakati wa masika linaweza kumzamisha mtoto. Kubwa kuliko yote ni malaria. Muheza ni mji ambao watafiti wa malaria wameweka kituo, pale Ubwari, kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa mlangoni. Mama yangu amekesha na watoto wenye degedege, wake na wa majirani. Anapofukia dimbwi, anawakumbuka hao. Anayemwona kuwa haelewi thamani ya viumbe hajamwelewa yeye.

Na hapa kuna jambo ambalo majirani zangu wengi hawalijui kuhusu nchi yao. Vinamasi vya chumvichumvi vya Kent na Essex vilikuwa na malaria kwa karne nyingi. Watu wa pwani hizi walitetemeka kwa homa za vipindi, wakazika watoto. Ugonjwa ulipungua kadiri vinamasi vilivyokaushwa kwa kilimo, mifugo ilivyoongezeka ikawa ndiyo inayoumwa na mbu badala ya watu, nyumba zilivyoboreka na kwinini ilivyopatikana. Hata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, askari waliorudi kutoka Ugiriki wakiwa na malaria mwilini walisababisha maambukizi katika kisiwa cha Sheppey, hapahapa Kent, kwa sababu mbu wa kuisambaza alikuwepo. Yupo hadi leo. Kilichotoweka ni vimelea. Basi mapenzi ya Waingereza kwa bwawa la bustani yamekuja baada ya hofu kuondoka, tena baada ya mabwawa mengi ya vijijini kufukiwa na vinamasi kugeuzwa mashamba. Wanachimba kidogokidogo, nyuma ya nyumba, kile walichokiondoa nchi nzima.

Sisi hatujafika huko, na ndiyo sababu nina wasiwasi tunapojaza kifusi kila penye maji bila kuuliza ni maji gani. Madimbwi yetu ya mvua yana wenyewe. Unguja kuna samaki mdogo, *Nothobranchius guentheri*, dume lake lina rangi za kung'aa, anayeishi kwenye madimbwi yanayokauka kila mwaka. Dimbwi likikauka, samaki wote wanakufa. Mayai yanabaki hai ndani ya udongo mkavu miezi kadhaa, yakingoja mvua. Wafugaji wa samaki wa mapambo huku Ulaya wanamtunza kwenye matangi ya kioo, wakati dimbwi lake la asili linaweza kumalizwa na lori moja la kifusi.

Na kereng'ende wanaojaa angani kwetu wakati wa vuli! Yupo wa rangi ya dhahabu, *Pantala flavescens*, ambaye mwanabiolojia Charles Anderson, aliyeishi Maldivi, alieleza mwaka 2009 kuwa anavuka Bahari ya Hindi kutoka India, akipita Maldivi na Shelisheli, akibebwa na pepo za juu hadi Afrika Mashariki. Anafika na mvua, na anataga kwenye dimbwi la mvua hasa. Watoto wake wanakua kwa mwezi mmoja na nusu hadi miwili, kabla maji hayajakauka, na humo ndani wanakula viluwiluwi wa mbu. Msafiri wa namna hii anastahili kukuta maji.

Lakini sitaki kumdanganya mtu. Mbu wa malaria wenyewe wanapenda maji tunayoyafahamu: *Anopheles gambiae* hutaga kwenye vidimbwi vidogo vyenye jua, alama za kwato na matairi, mahali ambapo bado hakuna wa kumla. *Anopheles funestus* huyapenda maji ya kudumu yenye majani. Kwa hiyo hata dimbwi la zamani lenye vyura si salama kwa sababu tu lina vyura. Mbu wa dengi, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, yeye anataka matairi, ndoo, makopo na vyombo vya maua. Mbu wa matende anapenda vyoo vya shimo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Makunduchi, Unguja, vyoo vilimwagiwa chembe nyepesi za plastiki zinazoelea na kuziba uso wa maji, na mbu wakapungua mno. Hakuna chura aliyeguswa, hakuna dimbwi lililofukiwa.

Hilo ndilo ninalolisisitiza kwa ndugu zangu: kila mbu ana maji yake, na maji mengi ya mbu tumeyatengeneza wenyewe. Hayo yafungwe, yamwagwe, yafukiwe, leo. Maji ya asili yasiyoweza kuachwa hivihivi yana njia nyingine. Kibaha kuna kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, kinachotengeneza dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi wa mbu bila kuwadhuru vyura wala samaki. Ninaona ni jambo la fahari kwamba dawa hiyo inatengenezwa mkoa wa Pwani, na ningependa ifike kwa wingi kwenye serikali za mitaa kabla kifusi hakijafika.

Kwenye kiwanja chetu Muheza, nyuma ya migomba, kuna bonde dogo ambalo maji hukaa tangu masika hadi mwezi wa saba. Kaka yangu alikuwa ameshapatana bei na mwenye lori. Tumezungumza sana, na mama akiwa kwenye simu hiyohiyo. Tumekubaliana kwamba shimo la matofali karibu na barabara lifukiwe kabisa, matairi ya zamani yaondolewe, pipa la maji lipate mfuniko wenye wavu. Bonde litabaki, litazungushiwa uzio wa miti kwa ajili ya watoto, na litatiwa dawa kila baada ya muda wakati wa mvua. Mama amekubali kwa sharti moja: watoto wote wa nyumba ile walale ndani ya vyandarua vipya, na vyandarua nivinunue mimi. Nimevinunua. Jirani yetu wa upande wa mashariki bado anataka bonde lifukiwe, na ana haki ya kusema, kwa kuwa mbu watakaotoka kwetu watakwenda kwake pia. Nitakwenda kukaa naye mwezi wa kumi na mbili, nikirudi likizo, tuzungumze juu ya dawa hiyo na nani atakayeitia.