Nilitumwa jinzi Jo'burg, nikarudi na kitambaa cha chumvi

Mtu wa Bongo akitangaza tu kwamba anakwenda kwa Madiba, ujue nyumbani kwao karatasi ya oda imeshajaa. Huyu raba, yule jaketi la ngozi, mwingine hata hajui anataka nini ila aletewe. Mimi oda yangu ilikuwa moja, lakini nzito. Shangazi yangu, fundi cherehani wa Magomeni tangu sijazaliwa, alinihesabia laki saba taslimu.

"Niletee jinzi za kike na vitopu vya kisasa nitundike pale kwenye fremu," akasema. "Cherehani hailipi tena mwanangu. Imebaki sare za shule na kupunguza suruali za watu."

Alikuwa anasema kweli. Mitumba imempiga kulia, nguo za dukani zimempiga kushoto. Kodi ya fremu ilikuwa inakaribia na zile laki saba ndiyo akiba yote. Kwa hiyo mpenzi msomaji, usidhani nilikwenda kula bata.

Safari ya basi siisimulii sana. Tunduma, Lusaka, Chirundu, Beitbridge, nimefika miguu imevimba kama maandazi. Nilifikia Yeoville kwa kaka mmoja wa Kitanzania, na kesho yake akanipeleka Small Street na mtaa wa Jeppe. Jina rasmi la Jeppe siku hizi ni Rahima Moosa, lakini mjini watu bado ni Jeppe tu. Hapo ndipo wachuuzi wa nchi za kusini wanapofungia mizigo. Maghorofa ambayo zamani yalikuwa na vyumba vya madaktari yamekatwakatwa kuwa vifremu, na wenye mji ni Wahabeshi. Blanketi, viatu, jinzi mpaka darini. Kariakoo yenye lifti!

Nikashika jinzi ya kwanza, nikageuza lebo. Ya pili. Ya tano. We acha tu! Ni zile zile za mtaa wa Narung'ombe, zimetoka China ile ile, na ukipiga hesabu ya randi na nauli, Kariakoo ni rahisi zaidi. Nikarudi Yeoville nimenuna, hela iko kiunoni haijaguswa.

Yule kaka kuona hivyo akasema, "Twende basi ukaone wenye nazo wanavaa nini." Tukaanzia 44 Stanley, majengo ya viwanda vya miaka ya 1930 yaliyogeuzwa maduka, miti katikati, watu wanakunywa kahawa taratibu kama hawana bosi. Siku zilizofuata tukazunguka mpaka Rosebank. Mimi niliyekulia kwenye vitambaa vya shangazi nilikuwa nashika kila mshono.

Kwanza nikaona koti la kike limeshonwa kwa blanketi. Ndiyo, blanketi! Yale mazito ya Wasotho, ambayo wazee na wachungaji wa Lesotho wanajitanda hata wakiwa juu ya farasi. Dada mmoja mbunifu aliyezaliwa hukohuko Lesotho, Thabo Makhetha, alilichukua akalitia kiuno na kola, na sasa sista du wa mjini anatesa nalo.

Halafu sweta za MaXhosa. Mwenye nazo ni Laduma Ngxokolo, mtoto wa Port Elizabeth, mji ambao sasa unaitwa Gqeberha. Alianza akiwa bado anasomea ubunifu. Kwa Waxhosa, vijana wakitoka jando wanavalishwa nguo mpya za heshima kwa miezi kadhaa, kama sisi tunavyowatoa wari wetu na kanzu mpya. Jamaa akaona familia zinawanunulia sweta za mitindo ya nje, zisizo na chochote cha kwao. Akachukua mistari na pembe za shanga za Kixhosa, akazifuma kwenye sufu ya kondoo wa merino na ya mbuzi wa Angora, na Afrika Kusini yenyewe ndiyo inaongoza duniani kwa sufu hiyo ya mbuzi. Nikageuza bei: maelfu ya randi, sweta moja! Nikairudisha taratibu kama yai.

Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nafikiria kanga. Kwetu kanga ni ya jikoni, ya msibani na ya kubebea mtoto, ukitoka nayo mjini wanakuuliza nani amefariki. Shuka la Wamasai nalo tuliliona la walinzi mpaka Louis Vuitton walipolitia kwenye mavazi yao ya kiume ya mwaka 2012, ndipo watu wakaanza kulitolea macho. Si kwamba Bongo hatuna wabunifu, Mustafa Hassanali ameanzisha Swahili Fashion Week tangu 2008. Ila mafundi wa uswahilini kama shangazi nani amewaita?

Siku ya mwisho nikaingia Oriental Plaza, Fordsburg. Ni soko kubwa lililojengwa miaka ya 1970 kwa wafanyabiashara wa Kihindi walioondolewa kwa nguvu Pageview enzi za makaburu. Kwenye duka la vitambaa, mama mmoja mbele yangu alishika ncha ya kitambaa cha bluu, akairamba. Nikafikiri macho yangu. Kumbe anapima! Hicho kitambaa ni shweshwe, na kile halisi kina ladha ya chumvi na kimekakamaa kwa wanga. Zamani kilikuwa kinatoka Ulaya kwa meli, wanga ukikilinda njiani, ukikifua kinalainika. Jina lake wanasema limetokana na Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza wa Lesotho, aliyezawadiwa na wamisionari wa Kifaransa miaka ya 1840. Mwaka 1992 kampuni ya Da Gama ya Zwelitsha ilinunua kutoka Uingereza haki ya chapa ya Three Cats, pamoja na roli za shaba za kuchapia maua yake. Kwa miaka mingi kilikuwa kitambaa cha bibi harusi wa kijijini. Leo vijana wanashonea suti.

Nami nikaramba. Chumvi kweli. Nikampigia simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Jinzi umepata?"

"Jinzi ni zile zile za Kariakoo. Nimeona kitambaa."

Kimya. "Kitambaa? Mimi nalala na vitambaa, mwanangu. Nimekutuma nguo."

Nikamweleza habari ya koti la blanketi, sweta za jando, na huyu mama anayeramba. Kimya tena. Halafu akauliza, "Kinachuja?" Hapo nikajua fundi ameamka. "Upana wake?"

"Sentimita 90."

"Mwembamba huo. Haya, nunua. Ila kodi ikinishinda, kwa mwenye nyumba utakwenda kujieleza wewe."

Nikafunga mita 40, za bluu na za kahawia.

Wiki ya kwanza dukani hakuna aliyegusa. Mmoja akauliza kama ni mashuka ya hospitali. Wiki ya pili binti mmoja wa benki akajaribu kijaketi kifupi, akajigeuza mbele ya kioo mara tatu, akalipa bila kuomba punguzo, na baadaye akaleta wenzake wawili wa kitchen party. Kodi imefika nusu. Nusu nyingine mwenye nyumba amekubali kusubiri mwisho wa mwezi, kwa shingo upande.

Jana nimempitia shangazi. Amefungua sanduku lake la kanga, lile ambalo tulikuwa haturuhusiwi hata kuliegemea, na amezipanga kwa rangi juu ya meza ya kukatia. Akanituma bitana na vifungo Kariakoo. Elfu thelathini, na amezihesabu mara mbili kabla ya kunipa.