Kipimo cha Mlishaji

Kulisha ni tendo la huruma, na huruma husifiwa na watu wote. Lakini huruma isiyo na kipimo ni kama mvua isiyojua kukoma: huanza kwa kuotesha mbegu, ikaishia kwa kuiozesha. Amlishaye mtu ana msaada mkubwa, maana mtu husema. Mwenye njaa huomba, na aliyeshiba hushukuru akanawa mikono. Awalishaye viumbe wasio na sauti hana msaada huo. Yampasa aijue njaa isiyolalamika na shibe isiyoshukuru. Miongoni mwa viumbe hao ni matumbawe, na ukimya wao humjaribu binadamu zaidi wanapowekwa nyumbani ndani ya tangi la kioo.

Wengi hulidhania tumbawe kuwa jiwe, kwa sababu pwani hujengewa nyumba na kuchomewa chokaa. Jiwe lile ni makao tu. Mwenye makao ni mnyama mdogo, laini, mwenye kinywa kimoja kilichozungukwa na minyiri yenye sumu. Mnyama huyu aghalabu ana meza mbili. Mchana hula katika meza ya jua: ndani ya mwili wake hukaa mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza sukari kwa nuru na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya sukari hiyo. Usiku hunyosha minyiri akadaka vidudu vinavyoelea majini.

Mwingereza Maurice Yonge aliuchunguza ulaji huu huko Australia, katika safari ya kitaalamu ya mwaka 1928 na 1929, akashikilia kuwa tumbawe ni mla nyama. Wataalamu waliomfuata walionyesha kuwa meza ya jua nayo ina riziki nyingi. Leo yajulikana kuwa moja haitoshi badala ya nyingine. Nuru hutoa nguvu; mawindo hutoa naitrojeni na fosforasi za kujengea mwili. Bahari ikipata joto kupita kiasi, kama ilivyotokea Bahari ya Hindi mwaka 1998, tumbawe hupoteza mwani wake, likapauka na kukabiliwa na njaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu matumbawe ya Hawaii ulionyesha kuwa aina moja iliyopauka iliongeza uwindaji wake hata ikajitosheleza kwa mawindo, na aina nyingine hazikuweza. Basi kula kwa tumbawe si jambo dogo. Yamkini ndiko kunakotenga uhai na mauti.

Ufugaji wa viumbe hawa nyumbani una historia yake. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia alichapisha maelezo ya tangi la bahari lililotunzwa kwa mawe yenye viumbe hai na hewa iliyopulizwa majini. Tangu hapo ufundi umeongezeka, lakini swali la chakula limebaki gumu, kwa kuwa wakazi wa tangi hawali namna moja. Sifongo na kombe huchuja maji na kutaka chembe ndogo sana. Kamba na kaa huokota masazo. Matumbawe ya rangi ya machungwa yaitwayo Tubastraea hayana mwani mwilini. Yasipolishwa hufa, hata yakiangaziwa taa mchana kutwa. Mlishaji mmoja huwa mpishi wa jamii nzima, na hakuna hata mmoja wa kumwambia kuwa chakula kimepungua au kimezidi.

Msomaji wa bara asidhani habari hii ni ya watu wa pwani peke yao. Kasokola, katika Mkoa wa Katavi, iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Bahari ya Hindi. Hata hivyo mkoa huo unapakana na Ziwa Tanganyika, na katika ziwa hilo mna jamaa wa matumbawe: konyeza mdogo wa maji baridi, mwenye minyiri yenye sumu kama wao, ambaye mtaalamu wa Kijerumani Richard Böhm alimwona mwaka 1883. Bara na bahari zina udugu kuliko ramani inavyoonyesha.

Palikuwa na kijana wa Kasokola aliyepata kazi katika nyumba moja ya Dar es Salaam, akakabidhiwa tangi la matumbawe. Mwenye nyumba, mwanamke mtu mzima, alimwonyesha utaratibu: pampu izimwe kwa dakika chache, uduvi uliosagwa utiwe kwa sirinji karibu na vinywa, matone machache, siku zilizowekwa tu. Kijana alitii, lakini moyo wake ulikataa. Alikuwa amekulia mahali ambapo sahani ya mgeni hujazwa, na ambapo mvua ikikosa kila mtu hujua njaa ni nini. Kumpimia kiumbe matone aliona ni ubahili.

"Mama," alisema siku moja, "hawa hawashibi. Kwetu mgeni hatolewi na njaa."

"Mwanangu," alijibiwa, "mgeni wa kwenu husema basi. Hawa hawana neno hilo. Basi yao utaisoma katika maji."

Hakuielewa kauli ile. Bibi aliposafiri, kijana aliongeza chakula kila usiku kwa nia safi. Baada ya majuma mawili maji yalipata ukungu, mwani wa kijani ukafunika mawe, na matumbawe ya machungwa yakafumba vinywa vyao. Yeye akafikiri bado wana njaa, akaongeza tena. Hata siku moja harufu ya tangi ilimkumbusha Sitalike. Pale darajani, wakati wa kiangazi, viboko wa Mto Katuma husongamana katika maji machache yaliyosalia, na kinyesi chao huyageuza maji kuwa uji mweusi. Mara moja alitambua kuwa maji nayo yaweza kuvimbiwa.

Elimu inakubaliana na kumbukumbu yake. Mwaka 2018 watafiti wa Mto Mara walichapisha ushahidi kwamba kinyesi cha viboko kikirundikana madimbwini humaliza oksijeni, na maji hayo yakisukumwa na mafuriko huweza kuua samaki. Katika tangi, chakula kisicholiwa huoza. Bakteria hukigeuza amonia, kisha nitriti, kisha nitrati, na fosfati hubaki kulisha mwani mbaya. Kijana alipunguza chakula, akaondoa uchafu, akabadilisha maji kidogo kidogo. Baadhi ya matumbawe yalikufa. Mengine yalifumbua vinywa. Bibi aliporudi aliambiwa yote, naye hakumfukuza. Alimkabidhi sirinji ileile.

Haifai kumlaumu kijana kwa wema wake, wala kuufanya ubahili kuwa hekima. Kiumbe aliyefungwa ndani ya kioo hawezi kujitafutia; kumnyima ni kumuua polepole. Lakini kosa la kunyima na kosa la kuzidisha hutoka katika shina moja, nalo ni kutomtazama anayelishwa. Mnyimi hutazama ghala yake, na mkarimu asiye na maarifa huitazama huruma yake mwenyewe. Mlishaji wa kweli huyatazama maji.

Tangi ni dogo, na kosa lake huonekana kwa majuma mawili. Bahari ni kubwa, na kosa lake huchelewa kuonekana. Mbolea inayozidi shambani na maji machafu ya miji hushuka na mito hadi pwani, yakalisha mwani hata ukayafunika matumbawe yasiyo na mtu wa kuyabadilishia maji. Hapo kila mtu, hata wa mbali na bahari, ni mlishaji bila ya kujijua. Aliye kimya hatasema basi. Imempasa mwenye sauti aseme kwa niaba yake.